Malezi Pekee Hayatoshi

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mara nyingi methali hii hutolewa kumsuta mzazi ambaye mambo yamemwendea kombo. Tangu nisome habari za pengwini wa Bahari ya Bellingshausen, huko Antaktika, naiona ina upungufu.

Hao ndio pengwini wakubwa kuliko wote duniani. Jike hutaga yai moja tu, Mei au Juni, kisha humwachia dume akaenda zake baharini kutafuta chakula. Dume huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, maana likiachwa juu ya barafu linakufa. Hukaa hivyo takriban miezi miwili bila kula chochote, amebanana na wenzake katika giza na upepo, mwili ukizidi kukonda. (Mimi baridi ya Lushoto tu hunishinda.) Mama akirudi, wanapokezana kulisha kifaranga. Katika malezi hayo, sijui utamlaumu nani.

Ila sakafu yao ni bahari iliyoganda. Kifaranga huanza na manyoya laini kama sufi, yasiyozuia maji. Yale ya kuogelea hukamilika Desemba au Januari. Mwaka 2022 barafu ya eneo hilo ilimeguka kabla ya wakati huo. Watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Peter Fretwell, waliyafuatilia makundi ya pengwini hao kwa picha za setilaiti, ambamo hutambulika kwa madoa ya kahawia ya kinyesi. Barafu ilipotoweka, madoa nayo yakatoweka. Kati ya makundi matano yanayojulikana pale, manne yaelekea hayakubakiza kifaranga hata kimoja. La tano, la kisiwa cha Rothschild, lilinusurika. Sidhani wazazi wake waliwazidi wenzao kwa lolote. Barafu yao ilidumu, basi.

Kwingineko, Halley Bay, barafu ilipovunjika mwaka 2016 wakubwa wengi walihamia Dawson-Lambton, kundi la jirani. Nawasifu kwa hilo, ingawa kuhama kunasaidia tu pale panapobaki pa kuhamia.

Nasi tuna majirani waliolea vizuri, kisha mafuriko yakawachukulia nyumba au kodi ikawahamisha mtaa katikati ya muhula. Mtoto wa hao akiyumba, ndugu msomaji, iache kwanza methali. Uliza wanalala wapi.