Shingo ya Joe Ansbro

Raga sijawahi kuiona ikichezwa. Kwetu Kipatimu uwanja ni wa mpira wa miguu, na mpira ukipigwa vibaya unateremka bondeni. Joe Ansbro nilimpata usiku, kwenye simu, nikitafuta watu waliovunjika shingo wakaishi.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1985, baba yake Mkenya. Alisoma sayansi Cambridge, akachezea Northampton, kisha London Irish. Novemba 2010 alivaa jezi ya Uskoti kwa mara ya kwanza, wakaifunga Afrika Kusini 21 kwa 17. Agosti 2011, dakika za lala salama, alifunga trai iliyowapa ushindi wa 10 kwa 6 dhidi ya Ireland. Juni 2012 alikuwamo walipoishinda Australia 9 kwa 6. Agosti mwaka huohuo, katika mechi ya kirafiki na Munster, shingo yake ikavunjika sehemu tatu.

Hapo nikaanza kusoma polepole. Alifungwa fremu ya kushikilia kichwa, kisitikisike.

Mdogo wangu alianguka kutoka mnazini, akazimia. Tulimwinua. Tukamkalisha, tukammwagia maji. Kisha tukampakia mshikaki kwenye bodaboda: dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kiuno. Kila tulipoingia shimo kichwa chake kilianguka upande huu, kikarudi upande ule. Nilikuwa nampigia dereva kelele aongeze mwendo. Nilijiona nimemwokoa ndugu yangu.

Nesi aliyempokea hakutugombeza. Aliuliza tu nani alimshika kichwa njiani. Hakuna aliyejibu.

Jioni moja nilimsimulia mdogo wangu habari za Ansbro, naye kalala kibarazani, miguu imefunikwa kanga ya mama.

“Dada, alirudi uwanjani?”

“Hapana. Alistaafu 2013, ana miaka 27. Akawa mwalimu.”

“Lakini anatembea?”

“Anatembea.”

Akanyamaza. Mbuzi wa jirani walipita wakirudi bandani.

“Walimbebaje?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikamweleza habari ya fremu. Kisha nikamweleza habari ya bodaboda, tangu chini ya mnazi mpaka mlangoni kwa nesi, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia.