Kabla hujalipia pawatila iliyotumika, fungua nati ya oili

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu msimu unakaribia na simu za "Bwana shamba, nimepata pawatila ya bei nzuri" zimeshaanza.

Miaka minne iliyopita mjomba wangu, anayelima mpunga upande wa Mombo, aliuza ng'ombe wawili na magunia aliyokuwa ametunza. Akafikisha shilingi milioni mbili na nusu. Akanipigia: "Mpwa wangu, wewe umesomea kilimo, nisindikize nikanunue pawatila." Nikaenda kwa kujiamini. Nilimwambia muuzaji awashe injini, ikawaka mara moja. Nikatazama matairi, nikahesabu visu vya rotaveta, nikamwambia Mjomba, "Chukua." Gia boksi sikuigusa.

Kwenye jaruba la pili, gia ilianza kuruka yenyewe na kurudi huru. Siku ya nne ukasikika mlio kama kokoto kwenye debe, kisha mashine ikagoma. Fundi alipofungua, ndani tulikuta kitu kizito chenye rangi ya chai ya maziwa. Beringi moja ilikuwa imesagika na gia mbili zimekatika meno.

Kutafuta spea kulituchukua siku 19. Zamu ya maji ya Mjomba ikapita. Miche iliyokuwa kitaluni, ambayo sisi wenyewe tunashauri ihamishwe ikiwa na siku kama 21, ikafika siku 40. Miche iliyozeeka namna hiyo hutoa machipukizi machache. Mwaka ule alivuna chini ya nusu ya kawaida yake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Injini inaunguruma vizuri, mpwa wangu, ila kumbe siyo injini inayolima." Beringi na sili nilizilipia mimi, lakini msimu sikuweza kumrudishia.

Nilichojifunza Pangani

Baadaye nilikwenda msibani Pangani, huko mto wetu huu unaopita Korogwe unakoingia baharini. Ufukweni nikamkuta fundi wa mashine za boti na injini ya zamani ya Yamaha. Mashine ya boti gia boksi yake iko chini, karibu na propela, na inashinda ndani ya maji. Yule fundi hakuiwasha kwanza. Alilegeza skrubu ya chini, akakinga matone ya kwanza kwenye kifuniko cha kopo, akayatazama juani. "Imekunywa maji," akasema.

Nikamsimulia habari ya pawatila yetu. Akaniuliza swali moja: "Siku mnanunua, oili ilikuwa na rangi gani?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, pawatila inayovuruga majaruba haitofautiani sana na mashine ya boti. Ekseli inazunguka ndani ya maji na tope, na kinachozuia maji yasiingie ni sili ya mpira tu. Sili ikichakaa, maji yanaingia, oili inapoteza nguvu ya kulainisha, beringi zinashika kutu, na meno ya gia yanaanza kusagana. Injini haina habari na hayo yote. Itaendelea kuwaka vizuri.

Jinsi ya kukagua kabla ya kutoa fedha

1. Fika asubuhi, mashine ikiwa imelala bila kuwashwa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo usiku hushuka chini. Mwombe mwenye mashine alegeze nati ya kumwagia oili ya gia boksi, ukinge kiasi cha nusu kikombe. Yakitangulia maji, au oili ikiwa na rangi ya maziwa, sili imekwisha. Asipokubali kulegeza nati, na wewe usifungue pochi.

2. Angalia uzito wa oili. Wapo wanaojaza grisi au oili nzito kupita kiasi ili kufunika makelele. Oili safi kabisa, iliyowekwa jana, nayo iulizie sababu.

3. Pitisha sumaku. Ya spika ya redio mbovu inatosha. Unga laini mweusi kidogo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kunasa kwenye sumaku ni chuma cha gia au beringi. Chembe za njano zisizonasa ni za bushi ya shaba.

4. Zima injini, inua gurudumu moja lisiguse ardhi. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi ya ekseli au kiti chake vimelika. Kisha ingiza gia, uzungushe gurudumu mbele na nyuma. Kucheza kidogo ni kawaida. Likizunguka sana kabla hujahisi gia zimeshika, meno yamelika.

5. Iendeshe ikiwa na mzigo. Kwenye uwanja tambarare kila pawatila ni nzima. Ipeleke mlimani na tela au shambani na rotaveta, ujaribu gia zote, pamoja na ya kurudi nyuma. Gia inayoruka ina meno yaliyochongoka kwa pembeni, au uma wa kusukumia gia umelika.

6. Jaribu vishikio vya kukatia kona, kimoja kimoja. Ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto liachie. Ukiachia, lishike mara moja. Likigonga "ka-ka-ka" chini ya mzigo, meno ya klachi ya upande huo yamekwisha. Jaribio hili lifanye tambarare. Kwenye mteremko, mashine ikisukumwa na tela, kubana cha kushoto kunaweza kuipeleka kulia.

Kuitambua spea sahihi

Tangu Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila za aina nyingi zimeingia nchini. Nyingine zimeshabadilishwa injini mara mbili. Kwa hiyo kibati cha injini hakikwambii gia boksi ni ya nani. Tafuta namba iliyochorwa kwenye kesi ya gia boksi yenyewe, uiandike.

Beringi ina namba pembeni. Kwa namba kama 6205 au 6206, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, unapata tundu la katikati kwa milimita: 6205 ni milimita 25, na 6206 ni 30. Ukiwa na namba hiyo, unaweza kuinunua hata kwenye duka lisilouza vitu vya pawatila.

Sili nayo ina vipimo. Ukiona 30-45-8, maana yake shafti ni milimita 30, kiti chake 45, unene 8. Mkanda wenye herufi B una upana wa milimita 17 kwa juu, na namba inayofuata huonyesha urefu kwa inchi.

Gia ndiyo yenye shida, maana mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane. Hesabu meno, pima upana na tundu, na usafiri na ile ya zamani mkononi. Sisi tulipoteza siku sita kati ya zile 19 kwa kuagiza kwa picha ya simu. Ikaja yenye jino moja zaidi.

Kwa wafanyabiashara: ukiweka dukani beringi na sili za pawatila zilizopo kijijini kwako kabla msimu haujaanza, utauza, na utaokoa zamu ya maji ya mtu.

Pawatila ya Mjomba bado inafanya kazi. Kila anapomaliza kuvuruga anaiosha, anailaza usiku, na asubuhi analegeza nati na kukinga matone ya kwanza kwenye kifuniko. Mwaka jana aliona weupe, akabadilisha sili moja kabla beringi haijaharibika. Hakunipigia kuniuliza. Alinipigia kunieleza.

Ukiwa na mashine unayotaka kununua, njoo ofisini kabla hujalipa. Tutakwenda pamoja asubuhi na mapema, na safari hii nitabeba sumaku.