Kengele Ililia Nje, Ndani Hatukusikia

Leo nina jambo la aibu kidogo, lakini heri mniskie mimi mwenyewe nikilisema.

Wengi wenu mmeiona ile kengele ya kamera kwenye geti letu. Mgeni akibonyeza, simu yangu hulia na ninamwona. Majuzi tulibadilishiwa ruta, tukapata Wi-Fi yenye jina jipya na nywila mpya. Simu zikaunganishwa, televisheni ikaunganishwa, watoto wakafurahi. Kengele nilijaribu mara moja, ikakataa. Nikasema, kesho. Unaijua kesho ya mtu mwenye shughuli nyingi.

Usiku mmoja, saa tano, mama mmoja wa kanisa letu alifika getini akiwa amebeba mtoto anayechemka homa. (Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake nalihifadhi.) Akabonyeza. Kengele ikalia pale nje, taa yake ikawaka. Akasimama mbele ya kamera, akangoja. Mimi nilikuwa macho, natayarisha mahubiri. Simu iko mezani, kimya.

Akaondoka. Jirani yake aliwafikisha hospitalini, na mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini Jumapili hakuja ibadani. Nilipompigia aliniambia, "Pasta, nilijua umeniona."

Mpendwa, neno hilo lilinichoma moyo.

Kesho yake niliketi na ile kengele. Nywila niliiingiza mara nne, ikakataa. Nikailaumu kengele, nikaulaumu mtandao. Kijana wetu wa mitambo ya sauti akaja, akatazama, akasema, "Pasta, si mbovu. Inatafuta Wi-Fi ya zamani, na hii mpya unaiunganisha vibaya."

Akanieleza. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya gigahezi 5 na ya gigahezi 2.4. Yale ya 5 yana kasi, lakini hayafiki mbali, na ukuta wa mawe huyadhoofisha. Yale ya 2.4 hayana kasi hiyo, lakini hufika mbali zaidi. Kengele nyingi za aina hii hutumia 2.4 peke yake, na simu yangu ilikuwa kwenye 5.

Kama yako pia imekataa, fanya hivi:

1. Ijaze chaji kwanza.
2. Weka simu yako kwenye mtandao wa 2.4. Kama yote mawili yana jina moja, ingia kwenye mipangilio ya ruta, uzime 5 kwa muda.
3. Ilete kengele ndani, karibu na ruta, uiunganishe hapo.
4. Andika nywila polepole. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.
5. Ikikataa bado, bonyeza kitufe cha kuanza upya kama kijitabu chake kinavyoelekeza, kisha rudia.
6. Irudishe getini, uangalie nguvu ya mtandao kwenye programu yake. Ikiwa hafifu, sogeza ruta karibu na upande huo wa nyumba.

Halafu toka nje, ubonyeze mwenyewe. Hapo ndipo mimi nilipokosea. Kwa kuwa simu yangu ilikuwa na mtandao, nilidhani nyumba yote ina mtandao.

Mnamkumbuka Roda, katika Matendo 12? Petro yuko nje anabisha, na ndani watu wanaomba. Roda aliitambua sauti yake, akakimbia kuwaambia wenzake, mlango akauacha umefungwa. Ndani kulikuwa na maombi, na bado mtu alikuwa amesimama nje. Ndivyo ilivyokuwa kwangu usiku ule.

Nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba msamaha. Sikumweleza kwanza habari za Wi-Fi. Nilisema, "Ulikuja, na sikufungua. Nisamehe." Alilia, tukaomba pamoja.

Leo, kabla hujalala, nenda ujaribu kengele yako. Kisha jiulize ni nani aliyekutafuta mwezi huu, akaondoka akidhani ulimwona.

Na ukija kwangu usiku, kengele ikinyamaza, usirudi. Gonga geti, piga hodi kwa sauti. Nitafungua.

Mbarikiwe.