Sauti Ndani ya Tangi la Ngome

Kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku ajua kwamba gizani sikio ndilo jicho. Lakini askari huyo huyo, akisharudi nyumbani, mara nyingi husikia tu wala hasikilizi. Tofauti ya mambo hayo mawili ilipata kudhihirika mahali pasipotazamiwa: ndani ya tangi kuukuu la maji la jeshi.

Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Marekani lilianza kujenga ngome ya Fort Worden, mjini Port Townsend katika jimbo la Washington, ili mizinga yake ilinde mlango wa ghuba ya Puget Sound. Ngome hiyo ilikuwa na tangi la saruji lililofukiwa ardhini, liwezalo kuchukua galoni milioni 2. Mwaka 1953 jeshi liliondoka, na baadaye ngome ikawa bustani ya wananchi. Tangi likabaki tupu.

Mnamo Oktoba 1988 wanamuziki watatu walishuka humo, futi 14 chini ya ardhi: Bibi Pauline Oliveros na kodiani yake, Bwana Stuart Dempster na tromboni, na Panaiotis aliyeimba. Ndani ya tangi hilo sauti moja huchukua sekunde 45 hata ififie. Sababu yake ni nyepesi. Ukuta wa saruji haunywi sauti kama mkeka au pazia, bali huirudisha. Ukuta wa pili nao huirudisha, hata sauti iwe imesafiri karibu kilometa 15 bila ya kutoka tangini. Aliyemo humo hawezi kunyosha kidole na kusema inatoka kule. Imemzunguka kama maji yamzungukavyo mwogeleaji.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Mpigaji mwenye haraka, akirundika sauti juu ya sauti, hufanya kelele tupu; na sauti iliyopotoka haiitwi ikarudi, bali huendelea mpaka muda wake uishe. Basi ilimbidi kila mmoja atoe kidogo, anyamaze, awasikilize wenziwe na tangi lenyewe, ndipo aongeze. Muziki huo ulitolewa mwaka 1989 kwa jina la Deep Listening, yaani kusikiliza kwa kina, na Bibi Oliveros aliendelea kuifundisha elimu hiyo miaka mingi, hata alipofariki mwaka 2016.

Nyumba nyingi za askari ni chumba kimoja au viwili, na kuta zake nazo hushika maneno. Baba atokaye lindoni na uchovu wake hutamka neno kali, akalisahau kabla chai haijapoa. Mtoto aliyelala nyuma ya pazia hulisikia wiki nzima. Mke aanzaye kueleza habari ya ada ya shule, akijibiwa kabla hajamaliza, maneno hugongana na hakuna lililosikika. Kuyaepuka hayo hakutaki ufundi wa muziki. Yatosha kungoja neno la mwenzi lifike mwisho, kunyamaza kidogo, ndipo jibu litoke.