Mkopo Si Mshahara

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakiisha kutangazwa, wazazi huja nyumbani kwetu jioni, mmoja mmoja, nao huuliza neno lile lile: "Mwalimu, mtoto wetu atapataje mkopo wa chuo?" Twawajibu kadiri tuwezavyo. Lakini wakiisha kwenda zao twaona kwamba tumejibu nusu tu, kwa kuwa nusu ya pili hakuna aiulizaye, yaani, akiisha kuupata, atautunzaje? Nusu hiyo sisi tulijifunza kwa hasara, na leo twataka kuwaeleza wala hatutaficha aibu yetu.

Kwanza habari ya kuomba. Fedha hizi hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, basi wengi hudhani ya kuwa kazi yote ni kujua kompyuta. Sivyo. Kazi kubwa ni hati. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na wakala wa serikali wa usajili, RITA. Yatima sharti alete cheti cha kifo cha mzazi wake, nacho kihakikiwe vile vile. Fomu hutiwa sahihi na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na tena mbele ya kamishna wa viapo. Mdhamini naye hutia sahihi na kutoa picha yake na kitambulisho chake. Na namba ya mtihani wa Kidato cha Nne sharti iwe ile ile mwombaji aliyoitumia kuombea nafasi chuoni.

Haya ni mambo madogo, walakini ndiyo yanayowaangusha watoto wetu. Sisi wenyewe, tulipoomba mwaka 2016, cheti chetu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, na cheti cha shule kilikuwa na jina la ukoo. Nyumbani jambo hili halikuwa neno, maana kila mtu alitujua. Mezani kwa karani tulikuwa watu wawili. Baba yetu aliacha shamba lake la tangawizi siku tatu, tukashuka milima ya Upare mpaka mjini, kwa wakili, kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Basi mwenye mtoto aliye Kidato cha Kwanza leo, na achukue vyeti vyake usiku huu huu, avisome kwa taa, aone kama majina yanapatana. Ziko nafasi za kutengeneza sasa. Siku za maombi nafasi ni chache.

Mkopo tukaupata. Chakula na malazi tulihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku, nazo hutolewa za siku sitini pamoja, jumla yake shilingi 510,000. Wanafunzi huziita bumu. Siku ile tulipotia sahihi na fedha zikaingia benki, tulipiga simu nyumbani kwa furaha. Hapo ndipo tulipokosa. Baba yetu hakuwa amezishika shilingi nusu milioni kwa mara moja maisha yake yote, ila msimu mmoja tu tangawizi ilipopanda bei. Habari zikapanda mlima kuliko basi. Dada yetu alidaiwa ada, tukapeleka. Mjomba alikuwa mgonjwa, tukapeleka. Baba mdogo alitaka mbegu, tukapeleka. Hata kabla ya juma la kwanza kwisha, shilingi 280,000 zilikuwa zimekwenda kijijini, na 70,000 nyingine tulizitumia wenyewe kwa viatu na simu, tusionekane wa shamba mbele ya wenzetu. Zikabaki 160,000 kwa siku zote zilizosalia.

Hatutawalaumu ndugu zetu. Hawakuiba, waliomba, na sisi tuliona haya kusema hapana. Nani awezaye kumkatalia mjomba aliyembeba mgongoni? Lakini tumbo halijui haya. Tulikula mlo mmoja kwa siku, kisha tukaenda sokoni usiku kupakua viazi katika malori, tupate cha kesho. Asubuhi tulikaa darasani tumefumba macho. Fedha za mara ya pili zilipoingia, nusu yake ilikuwa ya madeni, na simu za nyumbani hazikukoma. Mwisho wa mwaka tulianguka masomo mawili. Tukapewa mitihani ya marudio, tukaanguka tena. Tukaambiwa turudie mwaka.

Sasa sikilizeni, maana wazazi wengi hawalijui hili. Mkopo haupewi mtu mara moja mpaka mwisho wa masomo. Chuo hupeleka matokeo kwa Bodi kila mwaka, na anayeendelea hupewa kwa sharti awe amefaulu kuingia mwaka ufuatao. Kwa hiyo mwaka ule wa kurudia hatukupata hata senti.

Tulilificha jambo hili miezi miwili. Hatimaye baba yetu alikuja mwenyewe mjini, na kikapu cha tangawizi begani, akatukuta tumekonda. Tukamweleza yote, hesabu kwa hesabu, fedha zilikotoka na zilikokwenda. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Kumbe, mwanangu, tulikuwa tukila chakula chako." Hakusema neno jingine siku ile. Aliporudi nyumbani aliuza mtamba wake mmoja, na kwa fedha zile tukarudia mwaka. Tukafaulu. Tulikwenda kwa afisa wa mikopo pale chuoni, akatuongoza, na mwaka uliofuata tukapewa tena. Kumbe ofisi hiyo ilikuwapo siku zote, nasi hatukuwahi kubisha hodi. Mtoto akiugua, akitaka kuahirisha masomo au kuhama chuo, na aende huko kabla ya kufanya lolote. Na fedha zinapokuja atie sahihi kwa wakati, kwa maana zisizotiwa sahihi hurudishwa.

Liko neno la mwisho, nalo ni la kulipa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulipoajiriwa ualimu tulianza kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama sheria isemavyo. Mathalan mwenye shilingi 700,000 hukatwa 105,000 kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ya kulinda thamani ya fedha, iliondolewa mwaka 2021, nasi tulishukuru; lakini deni lenyewe li palepale. Twakiri kwamba mwanzoni tulinung'unika tulipoiona hati ya mshahara. Kisha tulikumbuka ya kuwa fedha zinazolipwa hukopeshwa wengine, na ya kwamba zile zilizonunua viatu na simu twazilipa sawasawa na zile zilizonunua vitabu. Viatu vile viliraruka mwaka ule ule.

Basi, wazazi na ndugu, twawasihi hili. Mkopo wa mwanafunzi si mshahara. Baadaye hesabu ya chakula na malazi ilipandishwa ikawa shilingi 10,000 kwa siku, nazo kwa siku sitini ni 600,000. Zikitajwa pamoja zaonekana mali nyingi, lakini zigaweni kwa siku, mtoeni humo kodi ya chumba na milo mitatu, mtaona kinachobaki. Nanyi vijana, kabla ya kupiga simu nyumbani, kaeni chini na kalamu, mwandike matumizi ya siku zote sitini. Kumkatalia mjomba leo kwa adabu ni afadhali kuliko kumwuzisha baba mtamba wake kesho. Mkishakupata kazi, njia ya kumsaidia mjomba haitafungwa.

Mwaka jana binti mmoja wa jirani alipata mkopo, na mama yake akaja kutuuliza kama ni vibaya kumwomba mtoto fedha za mbuzi. Hatukumjibu, tulimsimulia haya mliyoyasoma. Alisikiliza, akajitanda kanga yake, akasema, "Basi mbuzi atangoja." Binti yule sasa yuko mwaka wa pili.