Kicheko cha Mbao

Hadithi iliyonilipia kodi ya nyumba mwaka jana ilihusu mboch, bosi wake na chupi iliyoanikwa mahali pasipofaa. Niliiandika kwa simu nikiwa kitandani, hapa Embulbul, nikaikata vipande 12. Ukinitumia mbao kwa M-Pesa, nakutumia kipande kinachofuata. Sikuwa nimewahi kupata pesa kama hizo kwa kuandika. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama, na zile hadithi zangu nzito hakuna aliyezisoma hata bure.

Aliponijia aibu, nilijitetea kwa jina la David Maillu. Miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akajichapishia: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974. Pombe, mapaja, maneno ya baa. Wasomi wa fasihi walikunja pua. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Wakenya wakavinunua kwa maelfu. Basi kama yeye aliuza uchafu na bado anaitwa mwandishi, mimi ni nani nisiuze?

Jumapili moja mathe akanitembelea. Amefanya kazi za nyumba Karen tangu nikiwa shule ya msingi; alfajiri hupanda 111 kabla jua halijatoka. Hadithi yangu ilikuwa imezunguka hadi kwenye grupu ya chama chao. Akaanza kunisomea kwa sauti, na mimi nimeinama nikimenya viazi. Alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. Halafu akanyamaza kidogo.

"Lakini huyu msichana hana jina? Tangu mwanzo ni mboch, mboch tu."

Usiku nilirudi kuangalia. Bosi nilimpa jina. Mkewe pia. Hata mbwa wao alikuwa anaitwa Simba.

Nikamrudia Maillu, safari hii bila kurukaruka nikitafuta mahali patamu. My Dear Bottle ni mlevi anayeongea na chupa yake; anayechekwa ni yeye mwenyewe. Katika After 4.30 kuna mwanamke wa ofisini anayewaeleza mabosi kwa mdomo wake, na hawaachi salama. Uchafu upo, tena mwingi, na mengine yananikera hadi leo. Ila karani aliyenunua kitabu kile alijikuta ndani: mshahara, deni, aibu ya mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimeiga mapaja nikaacha watu.

Wasomaji waliitisha sehemu ya 13. Nikaandika. Msichana sasa ana jina na ndiye anayesimulia, na chupi, imegunduliwa, ni ya bosi. Wengine wakaniandikia kwamba hadithi imepoa. Walionunua hawakufika nusu ya wale wa kwanza, na kodi ya mwezi huu bado nadaiwa.

Jumatano usiku simu ikalia. Nimepokea shilingi 20, na jina la mtumaji ni la mathe.

M-Pesa hukuonyesha jina la unayemtumia pesa. Kwa hivyo anajua. Hajaniambia kitu, nami sijamuuliza. Nilimtumia sehemu ya 13.