Mwana wa Kuku na Kuchakura

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Methali hii aghalabu huambiwa mtu aliyetenda jambo bila ya mwalimu. Mimi nimeambiwa mara nyingi, maana ushairi na kazi ya kufasiri sikuvisomea darasani. Aliyetaka kunisifu alinipa methali hiyo, na aliyetaka kunibeza alinipa hiyo hiyo. Nilipoanza kufuga kuku uani, nilipata fursa ya kuipima kwa macho yangu.

Koo wangu aliatamia mayai 12 ndani ya tenga kuukuu. Usiku wa siku ya 7 niliyamulika kwa tochi. Mawili hayakuonyesha mishipa ya damu, nikayaondoa. Kwa siku 21 koo yule alitoka mara moja tu kwa siku, akala, akanywa, akaoga vumbi, kisha akarejea kuyageuza mayai kwa mdomo wake. Karibu na mwisho, sauti zilisikika ndani ya maganda, naye akazijibu. Walitoka 9, yai moja lilikuwa viza. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni, inayomtosha siku mbili tatu bila ya kula. Ndiyo maana mama huweza kuendelea kulala, akawangoja wanaochelewa.

Siku hiyo hiyo nilinunua vifaranga 5 waliototolewa kwa mashine, nikawaweka katika boksi lenye taa na maranda. Kesho yake walikuwa wakichakura, hali hawajapata kumwona kuku mkubwa. Methali, basi, ilisema kweli. Lakini walidonoa maranda, wakadonoa na kucha za wenzao, na maji yalikuwa mbele yao wasiyajue, mpaka nilipowachovya midomo mmoja mmoja.

Uani mambo yalikuwa mengine. Koo alipochakura akapata mchwa au punje, hakuimeza. Aliiokota akaidondosha, akaiokota tena akaidondosha, huku akiita kwa mlio mfupi wa haraka, hata wanawe wakaja kuitwaa chini ya mdomo wake. Usiku ule niliwapenyeza wale 5 chini ya mbawa zake. Alfajiri alitoka na wana 14, asibague. Na kabla ya jua kuchwa wageni wale walikuwa wakiuitika mwito kama wengine.

Hapo nikauona mpaka wa methali. Kuchakura hakufunzwi, kuchagua kunafunzwa. Nami nilichakura mwenyewe katika vitabu na kamusi, lakini walikuwapo wazee barazani waliookota neno, wakalidondosha mbele yangu mara mbili tatu, hata nikalitwaa. Aliyejisomea si yatima.

Miongoni mwa maneno hayo ni majina ya kuku wenyewe. Kifaranga wa kiume akikua huitwa pora, mpaka awike ndipo awe jogoo. Wa kike huitwa tembe maadamu hajataga. Akikaribia kutaga huwa mtetea. Akishaatamia na kulea ni koo. Vijana wa mtaani waliokuja kutazama banda langu walikuwa na neno moja tu, kuku, na siwalaumu. Kuku anayenunuliwa amegandishwa hana umri.

Safari ya kutoka kifaranga hadi mtetea si fupi. Kunguru, ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka, walinichukulia vifaranga 3 katika wiki mbili za mwanzo. Waliosalia walikua kwa pumba na machicha ya nazi. Kisha kulikuwa na hofu ya kideri, ugonjwa ambao ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kulimaliza kwa siku chache. Chanjo yake ni tone moja la jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Aliyenishikia kuku wakati wa kuchanja ni mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 12, na daftari nilimwachia yeye. Siku ya chanjo ya pili aliandika: pora 5, tembe 6. Sikumpa somo. Niliyataja majina hayo kila tulipomkamata kuku, akayatwaa.

Ulipofika mwezi wa 6, tembe mmoja upanga wake uligeuka mwekundu. Akawa anazunguka uani akitetea, akichungulia pembe zote za banda. Mtoto yule alinifuata chumbani nilikokuwa nikiandika.

"Babu, yule si tembe tena."

"Ni nani, basi?"

"Mtetea."

Yai la kwanza lilikuwa dogo. Mtoto alitaka tulikaange papo hapo. Nilimwambia tuliache mahali pake, kwa kuwa kuku akilikuta yai hurejea hapo hapo kutaga. Siku mbili baadaye yalikuwa mawili. Moja tukalila.